Walio Chini ya Tuta

Kibaoni swali kuhusu lambo huwa ni moja tu: lina maji? Ukitoka Mpanda mjini, ukapita Sitalike, ukaikata Hifadhi ya Katavi na kutokea upande wetu mwezi wa tisa, mtu wa kwanza anayejua umepitia njia ya lambo atakuuliza hivyo. Ukisema lina maji, basi, maongezi yanahamia kwenye bei ya mpunga. Hakuna anayeuliza kama tuta ni zima, au kama utoro bado unapitisha maji. Watu husema hayo ni maswali ya mainjinia. Mimi nadhani ni maswali ya wenye nyumba.

Kwa msomaji ambaye hajaishi na lambo: ni ukuta wa udongo ulioshindiliwa, unaokatiza korongo na kusubiri mvua. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili hivi, halafu kinakuja kiangazi kirefu. Pembeni mwa tuta huachwa njia iliyo chini kidogo kuliko mgongo wake, ili maji yakizidi yatoroke yenyewe. Ndiyo huo utoro. Tuta la udongo linaweza kuzuia maji yaliyotulia kwa miaka mingi bila shida. Lakini maji yakipata nafasi ya kupita juu ya mgongo wake, linamegeka kama ugali.

Lambo ninalolifahamu mimi, la upande wetu, lilichimbwa kwa ajili ya ng'ombe. Hiyo ndiyo kazi yake kwenye karatasi. Siku hizi lina kazi tano. Mpimbwe imejaa watu: wenyeji Wapimbwe, Wasukuma waliohamia na mifugo yao, na wengine wengi tu. Asubuhi wanakuja akina mama na ndoo, mchana ng'ombe, jioni vijana wa kufyatua tofali. Kuna wanaovua perege. Na chini kabisa ya tuta, kwenye ule unyevunyevu, kuna bustani za mchicha, nyanya na vitunguu. Kila kazi mpya inalitaka lambo kwa namna yake. Mwenye ng'ombe anataka njia fupi ya kushukia majini, kwa hiyo ng'ombe wanapita juu ya tuta na kulichimba kwa kwato. Mwenye bustani anataka maji yafike Oktoba, kwa hiyo mwaka mmoja vijana walipanga viroba vya mchanga kwenye utoro ili lambo libebe maji mengi zaidi. Likabeba kweli, na watu wakafurahi.

Lakini hebu tulitazame jambo lenyewe. Viroba vile vilipunguza tofauti kati ya utoro na mgongo wa tuta, na tofauti hiyo ndiyo akiba pekee ya usalama tuliyokuwa nayo. Tope nalo linafanya kazi hiyohiyo kutoka chini. Mwaka 1972 Anders Rapp, mwanajiografia kutoka Sweden, na wenzake walichapisha utafiti wao kuhusu mabwawa manne ya jirani na Dodoma: Ikowa, Matumbulu, Msalatu na Imagi. Walionyesha jinsi udongo wa mashamba na malisho ulivyokuwa unayajaza kwa kasi. Lambo lililojaa tope linajaa maji mapema, kwa hiyo mvua kubwa ya Machi inalikuta halina nafasi tena.

Kulikagua si lazima uwe na shahada. Tembea juu ya tuta ukitazama kama kuna mahali limebonyea. Tafuta mashimo ya wanyama, vichuguu vya mchwa na miti mikubwa, maana mzizi ukioza unaacha bomba ndani ya udongo. Kisha shuka upande wa chini, utazame maji yanayovuja. Yakiwa meupe na machache, yaandike na urudi kesho. Yakiwa na rangi ya udongo, usisubiri kesho: hilo tuta linaliwa kutoka ndani.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike. Marekani wana orodha ya mabwawa zaidi ya 90,000, na kila bwawa linatazamwa kwa vipimo viwili tofauti. Kimoja ni hali ya bwawa, yaani kama ni zima au limechoka. Kingine ni daraja la hatari, na hapa ndipo watu wengi wanapochanganya. Daraja la hatari halisemi kama bwawa linakaribia kubomoka. Linasema likibomoka nani atakufa. Bwawa jipya kabisa linaweza kuwa na hatari ya juu kwa sababu kuna shule chini yake, na bwawa bovu likawa na hatari ndogo kwa sababu chini yake ni pori tupu.

Wenzetu hao walilipia somo hilo. Huko Toccoa, jimbo la Georgia, kulikuwa na bwawa la udongo lililoitwa Kelly Barnes, juu ya chuo kimoja cha Biblia. Lilikuwa la kuzalisha umeme wa chuo. Umeme ukaacha kuzalishwa mwaka 1957, lakini maji yakaachwa palepale. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Novemba 1977, baada ya mvua kubwa, lilipasuka na kuua watu 39. Kazi ya bwawa ilikwisha miaka 20 kabla, ila uzito wa maji haukujua hilo. Rais Jimmy Carter, mtu wa Georgia, akaamuru mabwawa yasiyo ya serikali kuu yenye hatari ya juu yakaguliwe. Karibu zaidi na kwetu kuna Solai, kaunti ya Nakuru, ambako bwawa la shambani lilipasuka usiku wa tarehe 9 Mei 2018. Watu zaidi ya 40 walikufa, wengi wao wakiwa majumbani mwao.

Nilipomweleza shangazi yangu haya, alinisikiliza mpaka mwisho. Nyumba yake iko chini ya tuta, hatua mia mbili hivi, na bustani yake iko karibu zaidi. Alipojenga hapo palikuwa na nyumba mbili. Leo zimefika kumi na kitu. Tuta ni lilelile, ila kwa kipimo cha wale wenzetu lambo letu limepanda daraja bila mtu kuligusa.

"Kwa hiyo wakija wakaandika ni la hatari, watafanya nini?" akaniuliza.

Nikamwambia watalitengeneza.

"Mwanangu, si watalifunga? Au watatuondoa sisi?"

Siwezi kusema hofu hiyo haina msingi. Katavi maneno ya maji na matuta yana uchungu wake. Mto Katuma umezuiwa huko juu kwa ajili ya mashamba ya mpunga, na kiangazi viboko wa hifadhi wanabanana kwenye tope. Mkulima wa huku ameshasikia mara nyingi kwamba tuta lake ni tatizo. Ukimletea neno "hatari" anasikia "ondoka". Ndiyo maana atakuambia lambo halina shida yoyote, hata kama kila siku anaruka maji yanayovuja ili afike kwenye nyanya zake.

Sheria ipo. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inagusa usalama wa mabwawa, na sisi tumo ndani ya Bonde la Ziwa Rukwa, moja ya mabonde tisa ya maji ya nchi. Lakini daraja linaloishia kwenye faili halimwamshi mtu saa nane za usiku. Walio chini ya tuta waambiwe kwa Kiswahili cha kawaida: nyumba zipi zitafikiwa, mtakimbilia wapi, nani atapiga simu. Na waambiwe papo hapo kwamba kulikagua lambo ni njia ya kulibakiza, ili wasiogope kusema wanachokiona.

Kabla ya mvua za mwisho kitongoji kilikaa, viroba vikaondolewa kwenye utoro. Maji yakashuka kiasi cha goti, na bustani za juu zikakauka wiki tatu mapema kuliko mwaka uliotangulia. Shangazi alipoteza matuta mawili ya vitunguu. Hajanisamehe bado, na mimi sidai anisamehe. Ila mvua ya Machi ilipopiga usiku kucha, alinipigia simu alfajiri, bila hata salamu: "Maji yanapita utoroni. Ni meupe."