DISKI IMEKUFA NA SINGO YA WATU IMO NDANI: NANI ATAIFUNGUA?

Haya wadau, leo sina ubuyu wa nani kaachana na nani. Nina kisa cha hadi diski. Najua vidole vishaanza kuteleza kwenda habari nyingine, lakini subirini kwanza. Ndani ya hiyo diski mlikuwa na sherehe kumi na nne za wanawake wa mji huu, na mmoja wao mnamjua. Ni yule binti mwenye wafuasi kibao, anauza mabuibui mtandaoni, na hajawahi kuonesha hata unywele mmoja. Msianze kubashiri, jina kwangu halitoki.

Kwa mnaosoma mkiwa bara au Nairobi, niwaeleze kidogo. Huku Unguja siku ya singo bibi harusi anakaa katikati ya wanawake watupu, nywele wazi, kajifunga kanga, anasuguliwa mwili mzima. Singo yenyewe ni langilangi, asumini, waridi, karafuu, liwa, kila nyumba na mkono wake. Mie kwetu Kizimbani, kwenye mashamba ya viungo wanakoletwa watalii kunusa mdalasini, basi harufu hiyo nimezaliwa nayo. Ndani ya chumba cha singo mwanamme haingii. Na siku hizi simu nazo haziingii: zinakusanywa mlangoni kwenye kikapu, na shangazi mmoja mkali anakaa karibu nacho.

Anayeingia na kamera ni binamu yangu. Kazi yake ndiyo hiyo, kupiga video za sherehe za wanawake. Wasaidizi wake wote ni wanawake, anahariri chumbani kwake mlango umefungwa, na video anamkabidhi bibi harusi mwenyewe mkononi. Kamera nzuri kila mtu anayo siku hizi. Yeye anaitwa kwa sababu video zake hazijawahi kuonekana mahali pasipo pake.

Sasa. Usiku mmoja umeme ukakatika, ukarudi, ukakatika tena, diski ikiwa katikati ya kunakili mafaili. (Sisi wa Unguja giza tunalijua. Tulikaa bila umeme kutoka Desemba 2009 mpaka Machi 2010, kwa hiyo kukatika dakika mbili hatuiti tatizo.) Laptopu ilikuwa na betri, ikaendelea, na hakuna aliyejali. Asubuhi yake diski ikaanza kusema tik. Kimya. Tik, tik. Inaonekana kwenye kompyuta, inapotea. Mara kompyuta ikauliza: diski hii haisomeki, niifomati?

Wiki hiyo hiyo yule binti akapiga simu. Bibi yake mzaa mama alikuwa amefariki siku chache nyuma. Bibi alikuwa mtu wa kale, hakuruhusu kupigwa picha maisha yake yote. Siku ya singo ya mjukuu wake tu ndiyo alikubali, kwa vile ndani ni wanawake watupu na mpigaji ni mwanamke, tena mtoto wa Kizimbani anayemjua mama yake. Video fupi aliyopewa bibi harusi kwenye flashi ilionesha mkono wa bibi tu, unasaga. Lakini kwenye zile video ghafi binamu alikumbuka kuna kama dakika kumi na moja za bibi mwenyewe, anasinga, anafundisha, anacheka. "Dada, naomba zile," akasema. "Zote, hata mbovu."

Binamu akakata simu akaniangalia. Zile zilikuwa kwenye diski inayosema tik. Nakala ya pili hakuna.

Msimshambulie. Mwaka 1998 huko Pixar, kampuni yenye kompyuta za kila aina, mtu mmoja alibonyeza amri ya kufuta na sehemu kubwa ya Toy Story 2 ikaondoka. Wakakimbilia nakala za akiba, wakakuta hazifai. Filamu ikaokolewa na mama mmoja, Galyn Susman, aliyekuwa na nakala nyumbani kwa kuwa alikuwa amejifungua na alikuwa akifanyia kazi huko. Yaani tulikaribia kumkosa Jessie, akaokolewa na likizo ya uzazi.

Diski ilipoanza kulia nyumba nzima ikageuka mafundi. Mmoja anasema itikisetike. Mwingine anasema ikubali kufomati, halafu kuna programu ya kurudisha. Wifi yetu yeye kaona mtandaoni kwamba unaifunga kwenye mfuko wa plastiki unaiweka kwenye friza usiku mmoja. Mie nikachomoa waya nikaiweka kabatini, nikakaa na ufunguo. Hiyo friza imeua diski nyingi. Ikitoka kwenye baridi ikakutana na joto letu hili la pwani, unyevu unaganda ndani yake kama kwenye chupa ya soda.

Na ndani hamtaki tone la maji, wallahi. Diski za kuchomeka nyingi zina visahani vinavyozunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 kwa sekunde, na juu yake vichwa vidogo vinaelea bila kugusa. Pengo lake ni dogo kuliko unene wa unywele mara maelfu. Ile tik ni kichwa kinatafuta njia, kinaikosa, kinarudi kwenye maegesho, kinajaribu tena. Kikigusa kisahani kinakwangua, na kilichokwanguliwa ndicho kilichoandikwa video yako. Kwa hiyo kila unapoichomeka "kuangalia tu kama imepona", unaweza kuwa unazidi kukwangua.

Hapo ndipo ilipokuja shughuli yenyewe. Diski inataka fundi, na mafundi wote tunaowajua ni wanaume. Nenda Darajani, zunguka kote, utakuta vijana wazuri wanaojua kazi, lakini fundi akirudisha faili huwa analifungua kuona kama limerudi. Anafungua nini? Wanawake kumi na nne wa watu.

Yule binti aliposikia hakulia. Alinyamaza, halafu akasema neno ambalo mpaka leo linanikaa: "Bora bibi apotee kuliko aonekane." Binamu naye akawa hali, halali. Kwake kulikuwa na kumi na watatu wengine ambao hawajui kitu.

Kama mnaona tulikuza mambo, muulizeni Edison Chen. Alikuwa staa mkubwa Hong Kong, filamu na muziki. Alipeleka laptopu yake kwa mafundi, na mwaka 2008 picha zake za faragha na waigizaji wa kike zikamwagika mtandaoni. Fundi mmoja alifungwa mwaka 2009. Lakini nani anamkumbuka fundi? Waliolipa ni wale wanawake. Kuna aliyeomba radhi hadharani kwa kitu alichofanyiwa. Sisi nasi tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, nzuri, kali. Ila mahakama haiwezi kurudisha video ndani ya diski ikishafika kwenye magrupu ya WhatsApp, na kisiwa chenyewe ndicho hiki, kila mtu shemeji ya mtu.

Kuna aliyeshauri ipelekwe Dubai, kwenye maabara wanaofungua diski katika chumba kisicho na vumbi na kubadilisha vichwa kwa kutoa vya diski nyingine ya aina ileile. Ni kazi ya kweli hiyo, na kwa diski iliyoanguka ikafa kabisa pengine ndiyo njia pekee. Binti akauliza: "Ipande ndege bila mie?" Yakaisha.

Tukampata mtu kupitia mamkubwa. Zamani alikuwa mwalimu wa skuli, wote wanamwita Maalim, anatengeneza kompyuta kwenye chumba cha mbele nyumbani kwake Mjini Mkongwe. Tukaenda watatu: binamu, mie, na mwenye singo mwenyewe, kavaa nikabu. Maalim wala hakuuliza yeye nani. Tulipomaliza kueleza akasema, "Kwani nani kawaambia fundi lazima aone? Mie nahamisha mzigo, sifungui makasha."

Akatueleza hivi. Diski mgonjwa hufanyii kazi juu yake. Unatoa nakala pacha kwanza, kila kijisehemu kama kilivyo, kwenda kwenye diski mpya iliyo nzima, halafu mgonjwa unamwacha alale. Programu anayotumia ni ya bure, inaitwa ddrescue, haioneshi picha wala majina ya mafaili, ni tarakimu tupu zinazokwenda. Uzuri wake ni kwamba haing'ang'anii. Ikikuta pabovu inaruka, inachukua kwanza penye afya, halafu ndiyo inarudi kuchokoachokoa palipobaki. Na inaandika pembeni ilipofika, kwa hiyo umeme ukikatika unaendelea pale pale. Hiyo peke yake ilinifanya niipende, utadhani aliyeitunga alikuwa mtu wa Unguja.

Sharti la binti lilikuwa moja: diski mpya ni yake, kainunua mwenyewe, na kila jioni anaondoka nayo. Mie nilidhani Maalim atakasirika. Akasema sawa, tena akafurahi. Basi siku tatu tulikuwa tunapanda gari ya shamba asubuhi kuja mjini, tunakaa kwenye mkeka, tarakimu zinakwenda, mke wa Maalim anatuletea chai ya tangawizi. Kuna saa nzima tarakimu hazisogei hata moja. Tik, tik. Binamu alikuwa anasoma dua kila inapolia.

Siku ya tatu ikaonesha asilimia 99 na ushei. Binamu akapiga vigelegele. Maalim akamtuliza: "Mwanangu, asilimia moja ya terabaiti ni gigabaiti kumi. Uliza kwanza zimekatika wapi." Alijua anachosema. Sherehe kumi na mbili zilirudi salama. Ya kumi na tatu ilipungua kipande cha ngoma, si kitu. Faili la bibi ndilo halikufunguka kabisa.

Hapa nimejifunza jambo ambalo wapiga video wengi wa mjini hawalijui, basi lichukueni. Faili la video lina kitu kama faharasa ndani yake, na kamera nyingi huiandika mwisho, ukishazima kurekodi. Ikipotea faharasa, picha zote zimo lakini kompyuta haijui zinaanzia wapi, inakwambia faili bovu. Watu hufuta hapo. Msifute. Kuna programu iitwayo untrunc: unaipa lile faili bovu pamoja na faili jingine zima lililopigwa na kamera ileile kwa mpangilio uleule, inaangalia lile zima limekaaje, inajenga faharasa upya. Binamu akapiga hapo hapo video ya dakika mbili ya mtungi wa maji wa Maalim. Huo mtungi ndio uliotuokoa.

Maalim akaandika amri kwa majina ya mafaili, akanionesha kitufe cha kubonyeza, akachukua kofia yake. "Naenda kusali alasiri, halafu nitapita barazani nipate kahawa. Mkimaliza mtaniita." Akatoka, na mkewe akafunga mlango.

Bibi alitokea. Dakika kumi na moja, kama binamu alivyokumbuka. Kuna kama dakika nne picha imevunjika mirabamiraba, uso huuoni, mkono unaganda halafu unaruka. Sauti lakini ilikuwa nzima mwanzo mpaka mwisho. Alikuwa anamfundisha mjukuu namna ya kupaka singo, anamwambia wanawake wa siku hizi mna haraka, mnajipaka kama mnapaka chokaa ukuta. Chumba kizima kinacheka. Yule binti alifunua nikabu akakaa karibu na spika, hakuangalia kioo tena. Aliirudia ile sehemu ya chokaa mara sijui ngapi. Mie na binamu tukatoka uani tukamwachia.

Maalim alichukua laki moja na nusu. Binamu alitaka kuongeza, akakataa. Siku hizi binamu ana diski mbili za kazi, moja kwake, moja kwetu Kizimbani kwenye sanduku la mama, na ile ya kwetu ina neno la siri, hata mie silijui. Bei za video amezipandisha kidogo kufidia. Wateja wamenuna wiki moja wamerudi. Wale kumi na watatu aliwapigia simu mmoja mmoja kuwaeleza, jambo ambalo mie nilimwambia alifanye na yeye aliliogopa kuliko diski. Wawili walimfokea. Mmoja mpaka leo hamsalimii.

Diski ya zamani Maalim aliirudisha. Binti akauliza kama kuna mtu anaweza kuja kuifufua siku moja. Maalim akasema mwenye vifaa anaweza kujaribu. Basi Jumapili akaja Kizimbani, tukaifungua kwa bisibisi nyuma ya jiko, akaomba nyundo. Diski ndogo kama zile nyingi visahani vyake ni vya kioo, sisi hatukujua. Pigo la kwanza tu vikapasuka vipande vipande, vinang'aa kama mapambo. Akavifagia mwenyewe kwa ufagio wa chelewa, akavitia kwenye mfuko, akaondoka navyo.