Alikufa siku gani?

Swali moja linarudi sana mkinipigia simu: ndugu yetu aliokotwa porini, alikufa siku gani? Si swali dogo. Bila siku, familia haijui ihesabu matanga kuanzia wapi, na mbele ya jaji mtuhumiwa anaweza kusema, "Siku hiyo nilikuwa Kamina."

Maiti haina saa ndani yake. Muganga anapima joto: penye baridi ya kadiri mwili hupoteza karibu digri moja kila saa, lakini kwenye joto letu hupoa polepole, na juani unaweza usipoe kabisa. Anagusa taya na viungo. Kukakamaa huanza baada ya masaa mawili matatu, hushika mwili mzima kufikia masaa kumi na mawili, kisha huachia baada ya siku moja au mbili. Joto huharakisha yote. Baadaye hubaki funza wa inzi, maana umri wao unahesabika. Ndiyo sababu muganga mkweli husema "kati ya saa hii na hii". Anayewapa dakika kamili, mimi namshuku.

Katanga tuna mfano mkubwa. Tarehe 13 Februari 1961 serikali ya Katanga ilitangaza kwamba Patrice Lumumba alitoroka, akauawa na wanakijiji. Kumbe yeye, Mpolo na Okito walipigwa risasi usiku wa 17 Januari, si mbali na Élisabethville, Lubumbashi ya leo. Maiti zao zilifukuliwa, zikakatwa, zikayeyushwa kwa asidi. Hapo muganga apime nini? Tarehe tunayoijua ilitoka kwa watu waliokuwapo na kwenye karatasi. Jino lililorudishwa kwa familia mwezi wa 6, 2022, lilizikwa Kinshasa, lakini jino halisemi saa.

Basi mkimkuta mtu amekufa, kabla hamjamgusa andikeni saa, andikeni kama yuko juani au kivulini, kama mvua imenyesha. Mpige picha, muite polisi. Ulizeni pia nani alimuona mara ya mwisho, na alivaa nini. Mama mmoja hapa, asiyejua kusoma, alikumbuka tu kwamba mwanawe aliondoka asubuhi ya soko, akiwa na pesa ya unga mfukoni. Siku ya soko kila mtu anaijua.