Upepo wa kwenda, upepo wa kurudi

Wadau, kwetu Tarime ukitaja safari, mtu anafikiria basi la Sirari au pikipiki ya kwenda Mugumu, Serengeti. Maji ni ya kunywesha ng'ombe. Na tangu Rorya imegwe kutoka Tarime mwaka 2007, Ziwa Victoria limebaki kwa jirani.

Basi mwezi uliopita niliomba kwenda na wavuvi watatu wa sangara huko Rorya. Mtumbwi wa tanga, injini hakuna. Tanga lenyewe limeshonwa kwa mifuko ya sandarusi.

Humo hakuna abiria jamani. Kabla sijakaa vizuri nikapewa dumu lililokatwa, nikumbe maji. "Mura, anayekaa bure hapa ni mzigo," nahodha akaniambia. Maji hupenya kwenye maungio ya mbao usiku kucha. Unakumba, unapumzika, unakumba tena. Ugali unapikwa kwa jiko la mkaa lililowekwa juu ya mchanga ndani ya karai. Kulala ni kwa zamu, magoti kifuani, nyavu zikiwa ndio godoro. Habari za choo mtamalizia wenyewe! Saa tano usiku mtandao wa simu ukakata. Tukabaki na taa za wavuvi wa dagaa kwa mbali.

Kilichonikaa kichwani ni upepo. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji, kwa hiyo upepo huvuma kutoka nchi kavu kwenda ziwani. Ndio uliotupeleka. Mchana nchi kavu hupata joto, upepo unageuka na kuwarudisha wavuvi mwaloni. Mafuta sifuri.

Lakini ziwa hili lina takribani kilometa za mraba 68,800, na upepo wa usiku huja kutoka pande zake zote. Ukikutana katikati, hewa inapanda na kujenga mawingu ya radi. Ndiyo maana dhoruba nyingi hupiga usiku na alfajiri. Upepo unaokupeleka kazini ndio huo huo unaopika dhoruba, na ule wa kukurudisha bado haujaamka.

Nikamuuliza nahodha, si Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri? Akacheka. "Mdogo wangu, tunausikiliza. Lakini nyavu ziko majini tangu jana. Nisipozifuata mimi, mwizi atazifuata."

MV Bukoba, 21 Mei 1996. MV Nyerere, 20 Septemba 2018. Hizo tunazikumbuka kwa tarehe. Mtumbwi wa watu watatu ukizama, nje ya kijiji chao nani atajua?

Humo mtumbwini sikuona jaketi okozi hata moja. Yagawiwe, sawa. Utabiri utumwe kwenye simu, sawa. Ila mimi ningeanza na wezi wa nyavu. Mvuvi mwenye uhakika kwamba nyavu zake atazikuta, anaweza kulala nyumbani usiku mmoja.