Moshi wa kwa bibi, zulia la kwa mama

Saa nane usiku, Juni 2024, mtoto wa kiume wa miaka saba aliamka akikohoa huko Kainam, kwenye milima ya Mbulu. Kikohozi chenyewe hakikuwa kigeni, alikuwa nacho tangu siku ya pili ya likizo. Lakini usiku huo kifua kilitoa sauti kama filimbi, na mbavu zilikuwa zinaingia ndani kila alipovuta pumzi.

Bibi yake alifanya kile ambacho bibi yeyote wa huko angefanya. Alichochea moto, akaongeza kuni mbili nene, akamsogeza mjukuu karibu na mafiga na kumfunika blanketi la pili. Juni ni mwezi wa baridi kali Mbulu, na kwa bibi jambo lilikuwa wazi: mtoto ameingiwa na baridi kifuani.

Nusu saa baadaye mtoto alikuwa hawezi kumaliza sentensi bila kutafuta pumzi. Kijana wa jirani mwenye bodaboda aliamshwa, wakateremka gizani hadi hospitali Mbulu mjini, mtoto amebanwa katikati ya dereva na bibi. Akawekewa mashine ya mvuke wa dawa. Kulipopambazuka alikuwa amelala, mdomo wazi, akipumua kama watoto wengine.

"Ni pumu," daktari wa zamu alisema. Kisha akauliza, "Bibi, huyu mtoto huwa analala wapi?"

"Jikoni, kwenye joto," bibi alijibu, bila wasiwasi wowote, kama mtu anayejua ametimiza wajibu wake.

Mama wa mtoto alifika siku hiyohiyo alasiri kutoka Katesh, wilayani Hanang, kwa njia ya Dareda na Dongobesh, na vumbi la safari yote kwenye kitenge. Hakukaa. "Shikamoo mama," alisema, na kabla "marahaba" haijaisha mdomoni mwa mzazi wake, akatoa neno ambalo familia ile ilikaa nalo kwa miezi sita: "Mwanangu harudi tena kwenye lile jiko mpaka libomolewe."

Bibi hakujibu. Alikusanya blanketi lake, akatoka nje kutafuta usafiri wa kurudi kwake.

Ni rahisi kumlaumu bibi. Lakini moto wa ndani kwa watu wa nyanda hizi una historia ndefu kuliko bati na saruji. Kainam ni kitovu cha nchi ya Wairaqw, na nyumba zao za zamani zilichimbwa nusu ndani ya mteremko wa kilima, paa likiwa tambarare na limefunikwa udongo, kiasi kwamba mgeni angeweza kuikaribia nyumba asijue kuna watu chini. Watu, ng'ombe, mbuzi na moto walikaa humo pamoja. Ilikuwa kinga ya baridi na ya wavamizi. Nyumba hizo zimebaki chache, ila tabia ya kulala karibu na moto haikuondoka pamoja na paa za udongo.

Bibi huyu ana nyumba ya matofali na bati ambayo watoto wake walimjengea. Anaitumia kupokea wageni. Yeye mwenyewe analala kwenye jiko la miti na udongo nyuma yake, kwa sababu, kama anavyosema, ile ya bati usiku ni friji. Na moshi wa jikoni una kazi. Mahindi ya mbegu na ya chakula yako darini, juu ya mafiga, yamekuwa meusi kwa masizi, na dumuzi hawayagusi. Miti ya paa haiingiwi na mchwa. Mbu wanakimbia. Mtu anayekuja na kusema "ondoa moshi" anamwambia bibi aondoe ghala, mlinzi na hita, vyote kwa siku moja, na mara nyingi hana cha kumpa badala yake zaidi ya kipeperushi.

Hata hivyo, moshi huohuo haujui kuchagua kati ya dumuzi na mjukuu. Kuni zinapoungua vibaya hutoa chembe ndogo mno zinazopita pua na koo na kushuka hadi ndani kabisa ya mapafu. Shirika la Afya Duniani linataka chembe hizo zisizidi mikrogramu 15 kwa kila mita ya ujazo ya hewa kwa wastani wa saa 24. Kwenye majiko ya mafiga yasiyo na tundu la kutolea moshi, vipimo katika nchi nyingi hukuta mamia, na wakati wa kupika hupanda hata kupita 1,000. Shirika hilo linakadiria kuwa hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani kwa mwaka 2020, wakiwamo watoto wa chini ya miaka mitano zaidi ya 237,000.

Bibi alizaa watoto saba. Walikua watano. Wawili waliondoka wakiwa wachanga, kwa kichomi, katika miezi ya baridi. Hakuna anayeweza leo kusema ilikuwa moshi, na si haki kumwambia mama hivyo baada ya miaka arobaini. Binti yake hakuwahi kulisema. Lakini siku ile ya hospitali, alipotamka neno "jiko", wote wawili walijua ni watoto gani wengine waliokuwa chumbani.

Mtoto akarudishwa Katesh. Na hapa ndipo kisa kingeisha kama kingekuwa tangazo la majiko: nyumba ya saruji, madirisha ya vioo, mtungi wa gesi wa kilo 6, hakuna figa wala masizi. Wiki ya tatu, saa tisa usiku, filimbi ya kifuani ikalia tena.

Mama alichanganyikiwa. Alikuwa ameshamhukumu mzazi wake, na sasa mshitakiwa hakuwepo hata kwenye wilaya hiyo.

Muuguzi wa kliniki alikokwenda hakumuuliza anapika kwa nini. Alimwambia aende nyumbani, asimame katikati ya chumba cha mtoto, afunge mlango, avute pumzi kwa pua, halafu aangalie chini, aangalie juu na nyuma ya kila kitu kikubwa. Mama anasema alijisikia mjinga kufanya hivyo. Lakini alifanya.

Chini kulikuwa na zulia la manyoya, fahari ya nyumba, lililonunuliwa kwa kudunduliza. Lilikuwa halijatolewa nje tangu liingie. Alipolipiga kwa mkono, mwanga wa dirishani ulijaa vumbi. Katesh haijawahi kuwa na uhaba wa vumbi, lakini baada ya maporomoko ya tope kutoka mlima Hanang ya Desemba 3, 2023, yaliyoua zaidi ya watu 80, tope lililokauka liliendelea kuingia kwenye nyumba kama unga kila upepo ulipovuma. Familia hii ilinusurika, nyumba ikanusurika, na zulia likalimeza vumbi lote hilo. Mbali na udongo, zulia na godoro la zamani hufuga utitiri wa vumbi, wadudu wasioonekana kwa macho wanaokula magamba ya ngozi ya binadamu. Kinachomsumbua mwenye pumu ni kinyesi chao na mabaki yao, si wao kuuma.

Nyuma ya kabati ukuta ulikuwa mweusi. Maji ya masika yalipenya kwenye mfereji wa bati uliotoboka, yakashuka ukutani, na kuvu ikaota gizani. Kitanda cha mtoto kilikuwa kimeegemea ukuta huohuo.

Kisha kulikuwa na mambo ambayo hakuyaona kuwa mambo. Dawa ya mbu ya kuchoma, inayofuka usiku kucha chini ya kitanda. Nguo za baba, anayeendesha kombaini kwenye mashamba ya ngano ya Basotu wakati wa mavuno, ambazo zilikuwa zinavuliwa na kukung'utwa humohumo ndani, makapi yakiruka. Na jiko la mkaa, ambalo usiku wa baridi lilikuwa linaingizwa kwenye korido likiwa limeshika moto vizuri, "maana halitoi moshi."

Hilo la mwisho lilimtoa muuguzi kwenye upole wake. Mkaa usiotoa moshi unatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayochukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Mtu anaumwa kichwa, analegea, analala, na haamki. Kila msimu wa baridi nyanda za juu kuna familia zinazokutwa hivyo. Ukilinganisha, bibi na moshi wake wa kuwasha macho alikuwa na onyo. Korido ya Katesh haikuwa nalo.

Zulia lilileta ugomvi wa pili katika familia. Baba alisema sebule na vyumba vitabaki "kama godauni". Mwishowe liliuzwa kwa hasara, na fedha ikanunua mfuko wa plastiki wenye zipu wa kufunika godoro, na kipande cha mfereji wa bati. Mfereji ulitengenezwa kwanza, ukuta ukasuguliwa na kuachwa ukauke, ndipo ukapakwa rangi. Kupaka rangi juu ya kuvu ni kuifunika tu shuka. Kitanda kilihamishwa. Sakafu ikawa inapigwa deki kwa kitambaa kibichi badala ya kufagiliwa kavu, na mtoto anatolewa nje wakati huo. Jumamosi godoro na mito vinaanikwa kwenye jua la Katesh, ambalo halina gharama. Shuka na blanketi zinafuliwa kila wiki kwa maji ya moto. Dawa ya kuchoma imetupwa, chandarua kipo. Baba anavua nguo za shamba uani, jambo ambalo bado analifanya kwa kunung'unika.

Dawa haikuachwa, na hili muuguzi alilirudia mara tatu: usafi wa hewa haufuti pumu. Mtoto ana dawa ya kuvuta ya kila siku na nyingine ya dharura. Walipokosa kifaa cha kumsaidia kuivuta, muuguzi aliwaonyesha kutoboa kitako cha chupa ya maji ya plastiki ya nusu lita, kichwa cha dawa kikaingia hapo na kukaa bila kupitisha hewa pembeni, mtoto akaweka mdomo wake kwenye mdomo wa chupa na kupumua taratibu. Njia hii ilishapimwa na madaktari wa watoto Afrika Kusini miaka ya 1990, na inafanya kazi.

Desemba ilipofika mtoto aliuliza ataenda lini kwa bibi. Mama akapanda gari peke yake kwanza.

Hakuomba msamaha kwa maneno. Alipofika alikuta bibi anapika, akaingia, akakaa kwenye kigoda, macho yakimtoka machozi ya moshi, akaanza kusimulia habari za zulia. Habari za ukuta. Za jiko la mkaa kwenye korido. Bibi alisikiliza hadi mwisho, kisha akacheka kicheko kilichoishia kwenye kikohozi kirefu, chake mwenyewe, ambacho kwa miaka mingi hakuna mtu aliyekihesabu kuwa ugonjwa.

Baada ya hapo waliongea mahindi. Binti alikuwa amekuja na mifuko ya PICS, ile ya tabaka tatu isiyopitisha hewa. Mahindi yakikauka sawasawa na mfuko ukafungwa vizuri, dumuzi hufa kwa kukosa hewa, bila moshi wala dawa. Bibi alikubali kujaribu na gunia mbili. Mengine yakabaki darini.

Gesi ilizungumzwa na kuachwa haraka. Mei 8, 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Ni lengo zuri. Lakini bibi anaokota kuni bure, na mtungi ukiisha Kainam hauendi dukani wenyewe. Bayogesi ingefaa zaidi kwa mwenye ng'ombe wawili wa zizini kama yeye, na CAMARTEC ya Arusha imeijengea kaya nyingi nchini mitambo hiyo, ila gharama ya kuanzia iliwashinda kwa mwaka huo.

Wakajenga jiko banifu la udongo lenye bomba la kutoa moshi nje, wakatoboa madirisha mawili yanayotazamana, kuni zikaanza kuanikwa chini ya upenu badala ya kuchomwa zikiwa mbichi. Je, jiko banifu linatosha? Utafiti uliochapishwa Desemba 2016, uliofuatilia watoto zaidi ya 10,000 katika vijiji vya Chikwawa na Karonga nchini Malawi, haukuona nimonia ikipungua kwenye kaya zilizopewa majiko yaliyoboreshwa. Moshi wa jirani, wa takataka na wa moto mwingine ulikuwa palepale. Kwa hiyo jambo kubwa walilokubaliana halikuwa jiko, lilikuwa mahali pa kulala. Mjukuu akija, yeye na bibi watalala kwenye nyumba ya bati, kwa blanketi tatu na mfuniko wa dari waliougongomea wiki hiyo kwa mbao nyembamba ili baridi ya bati isishuke moja kwa moja.

Juni 2025 mtoto alikwenda, na chupa yake ya plastiki kwenye begi. Alikaa wiki mbili. Alikohoa usiku mmoja, akavuta dawa, akalala tena.

Asubuhi waliyoondoka, kabla gari halijafika Mbulu mjini, bibi alikuwa ameshabeba godoro lake na kulirudisha jikoni.