Kwa Nini Farasi wa Safari Hawako Pwani

Mtu wa Liwatoni, upande wa Kilindini katika kisiwa cha Mombasa, akitaka kwenda kutazama wanyama wa porini juu ya farasi, hupata jambo la kumshangaza. Ng'ambo ya maji, katika nchi ya Kwale, iko Milima ya Shimba yenye ndovu na palahala, nayo si mbali. Walakini mwitu ule si mahali pa farasi. Yampasa msafiri kuipa bahari kisogo na kwenda mbali bara, ndipo apande.

Sababu ni mdudu mdogo, ndorobo, apendaye vichaka na kivuli. Mwaka 1895 daktari David Bruce aligundua katika nchi ya Wazulu kwamba ndiye aenezaye nagana, ugonjwa wa damu uuao farasi na ng'ombe. Reli ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, wanyama wengi wa mizigo walikufa njiani kwa ugonjwa huo. Wanyama wa porini hubeba vijidudu vyake wasidhurike sana. Hivyo mgeni hufa pale anaponenepa mwenyeji.

Theodore Roosevelt, aliyekuwa Rais wa Marekani, aliposhuka Mombasa tarehe 21 Aprili 1909, hakuanza safari ya farasi pwani. Alipanda gari la moshi, akakaa mbele ya injini apate kuona wanyama, akashuka Kapiti, Ukambani. Katika mbuga zile za nyasi na upepo ndiko alikowinda juu ya farasi.

Kuwinda kulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, na siku hizi wapanda farasi huchukua kamera tu. Huenda Mara, au Lewa na Borana chini ya Mlima Kenya. Farasi hana ngurumo ya motokaa, na harufu yake hufunika ile ya mpandaji. Punda milia na twiga humwona kuwa mla nyasi mwenzao, wakamwacha akaribie. Lakini simba naye humwona vivyo hivyo. Kwa hiyo kiongozi hutangulia, na wakikutana na simba hawakimbii, maana akimbiaye hufukuzwa.

Hata huko bara pana usubi uletao maradhi mengine ya farasi, ambayo punda milia huyabeba bila kuugua. Ndiyo maana farasi huchanjwa, na huingizwa bandani kabla ya giza.

Mkulima asiye na farasi asidhani kuwa habari hii haimhusu. Ng'ombe wake achungwaye ukingoni mwa Milima ya Shimba huumwa na ndorobo yule yule. Akimwona anakonda ilhali malisho ni tele, na manyoya yamesimama, na amwite bwana mifugo mapema. Dawa iko, na mitego ya kitambaa cha buluu na cheusi hupunguza ndorobo. Farasi wa watalii ana mtu wa kumwangalia kila jioni. Ng'ombe wa Kwale hana mwingine ila mwenyewe.