Ngoma za Binche na Ngoma za Kamalondo

Katika jimbo la Hainaut, nchini Ubelgiji, uko mji mdogo uitwao Binche, ambao kila mwaka, kwa siku tatu zinazoitangulia Jumatano ya Majivu, huziacha shughuli zake zote ukatoka njiani kucheza. Na siku iliyo kuu kupita zote ni Jumanne, siku ya Gille. Gille ni mwanamume wa mji ule, avaaye kitani chenye nakshi za simba wa rangi nyeusi, nyekundu na manjano, kifua na mgongo vimetunishwa kwa majani makavu, njuga kiunoni na mitalawanda miguuni. Asubuhi huusitiri uso wake kwa barakoa ya nta yenye miwani ya kijani. Alasiri hujitwika kofia ndefu ya manyoya ya mbuni, akapita akiwarushia watu machungwa, ilhali wenye nyumba wamekwisha kutandaza nyavu madirishani ili vioo visalimike. Chungwa lile ni hiba, na kumrushia tena aliyelitoa ni kumtukana.

Sisi wana wa Kamalondo, mtaa mkongwe wa Waafrika mjini Lubumbashi, nchini Kongo, tunaoishi Ubelgiji, tukiyatazama haya, hatuoni ugeni katika ngoma wala katika furaha. Desemba 2010, timu yetu ya TP Mazembe ilipoishinda Internacional ya Brazil kule Abu Dhabi, ikawa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu, nani wa Lubumbashi aliyehitaji kufundishwa kucheza njiani? Walakin furaha ile ililetwa na mabao, na mabao hayana tarehe. Furaha ya Binche ina tarehe kwa sababu ina vyama. Hakuna Gille wa peke yake: kila mmoja yumo katika chama, hutoa mchango wake, huhudhuria mazoezi ya hadhara majuma kadhaa kabla ya siku yenyewe, na hutii ada zisizoandikwa, mathalani kwamba hatembei pasipo mpiga ngoma, wala hatoki nje ya mji akiwa katika vazi lake. Kwa taratibu hizo desturi hiyo imerithiwa kizazi baada ya kizazi, hata UNESCO ikaitangaza mwaka 2003 kuwa miongoni mwa urithi wa wanadamu.

Nasi tulikuwa na vyama. Ngoma ya beni, iliyozaliwa katika pwani ya Lamu na Mombasa mwishoni mwa karne ya 19, ilisafiri pamoja na askari, makarani na wafanyakazi, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza ikafika Elisabethville, mji tuuitao leo Lubumbashi, ikajulikana kwa jina la mbeni. Wachezaji walijipanga safu mfano wa jeshi, wakavaa sare nadhifu, wakapeana vyeo vya kizungu; na ngoma ilipokwisha, chama kilibaki, kikimwuguza mgonjwa na kumzika maiti aliye mbali na jamaa zake. Wakuu wa serikali ya kikoloni walivitazama vyama hivyo kwa shaka, wakidhani kwamba watu wanaoweza kujipanga kwa ngoma wataweza kujipanga kwa jambo jingine. Ni ajabu iliyoje kwamba Mbelgiji yule yule, ambaye kwao meya humpokea Gille kwa taadhima katika jumba la manispaa, huku kwetu aliiona ngoma ya njiani kuwa fitina!

Hata hivyo ukoloni ulikoma mwaka 1960, na lawama ya kutokuwa na vyama hivyo tangu siku ile hatuwezi kumtwika Mbelgiji peke yake. Mtaa wa Kamalondo una kiwanja, una parokia, una wanamuziki, una vijana wasio na idadi. Ulichokosa ni siku moja ya mwaka iliyo yake na vyama vya kuilinda. Basi enyi vijana wa Kamalondo, waendeeni wazee wangali hai, waulizeni habari za mbeni waliyosimuliwa na baba zao, ziandikeni, kisha chagueni siku na undeni chama kabla hamjanunua ngoma.