Siku Mbili Ujiji

Tuliondoka Mpui mume na mke, watoto tukiwaacha kwa bibi yao, kwenda kupumzika siku mbili katika mji mkongwe wa Ujiji. Safari ni ndefu: Sumbawanga, Mpanda, kisha Kigoma, na huko makoti yetu ya Ufipa yakawa mzigo mtupu.

Ujiji ndiko ilikokomea njia ya misafara itokayo Bagamoyo. Wageni huja kwa ajili ya Livingstone, yule Mskoti aliyekutwa hapa na Stanley mwaka 1871. Tulisimama penye ukumbusho wao, kivulini mwa miembe. Ziwa li mbali kidogo na hapo. Maji yalianza kushuka baada ya 1878, mto Lukuga ulipozibuka upande wa magharibi.

Twakiri, wasomaji wetu, kwamba jambo moja lilitusumbua. Njia ile ilipitisha pembe za ndovu na watumwa waliofungwa minyororo, na wengi katika wenye misafara walikuwa Waislamu, watu wa swala na saumu kama sisi. Tena mmoja wao, Mohamed bin Gharib, ndiye aliyemtunza Livingstone mgonjwa mwaka 1869 hata akamfikisha Ujiji, ilhali mgonjwa huyo aliichukia biashara ya mwenyeji wake.

"Sasa watoto tutawaambia lipi?" aliuliza mama watoto.

Jibu hatukuwa nalo. Adhana ya alasiri ikatukuta papo hapo, tukaenda kuswali. Usiku, juu ya sahani ya migebuka (tamu kweli kweli!), shauri likakatwa.

Tuliporejea Mpui watoto walitaka habari za ziwa. Tuliwapa. Kisha tukawaeleza minyororo, na ni nani walioishika.